Uyoga na Sumu ya Viwanda: Kinachovunjika na Kisichovunjika

Siku hizi kuna neno linalopita kati ya watu, ya kwamba wajuzi wamepata uyoga unaokula sumu ya viwanda, na kwamba udongo ulioharibika utaponywa nao. Wengine wanafurahi upesi mno na kusema: «Basi shida ya Katanga imekwisha, tupande uyoga tu.» Wengine wanacheka, wakisema ni hadithi ya watoto. Sisi twaona kwamba wote wawili wanakosa. Neno hilo ni kweli kwa nusu moja, na si kweli kwa nusu nyingine. Na mtu asiyejua kutenga nusu hizo mbili aweza kuwadhuru watu wakati anapotaka kuwasaidia.

Kwa nini tunaandika juu ya jambo hili katika kurasa hizi? Kwa sababu mama anayetafuta pahali pa kulima lengalenga karibu na kiwanda cha zamani hamwendei mjuzi wa kemia. Anamwendea katekista wake ao padri wake, naye anauliza: «Udongo huu ni mzuri?» Lazima tumjibu kwa haki. Kwa hiyo tunataka kueleza polepole uyoga ni nini, unaweza nini na hauwezi nini. Tumechagua Kakontwe katika mji wa Likasi kuwa pahali pa kutazama jambo hili, na msomaji ataona mbele kidogo sababu yake.

I. Likasi na Kakontwe

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966, ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilijenga viwanda vyake huko Panda na Shituru. Katika Shituru, tangu 1929, walianza kutoa shaba kwa njia ya asidi na umeme. Kilomita 20 hivi toka mjini iko Shinkolobwe, ambako walichimba uraniamu. Mgodi huo ulifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004. Baada ya Union Minière kazi ikapita mikononi mwa Gécamines, na kisha kampuni nyingine nyingi zikaja.

Kakontwe ni sehemu ya mji huo. Jina lake linajulikana na wajuzi wa mawe hata mbali sana, kwa sababu jiwe la chokaa linalochimbwa pale limeupa tabaka zima la mawe ya inchi yetu jina lake: tabaka la Kakontwe. Tabaka hilo linaonekana tena huko Kipushi, na ndani yake ndimo zinki na shaba ya Kipushi zinamochimbwa. Jiwe la chokaa likichomwa katika tanuru linakuwa chokaa, na chokaa hutumiwa viwandani kwa kuzimisha ukali wa asidi. Msomaji aishike habari hii ya chokaa, maana tutairudia.

Sasa, mji wa viwanda huacha nyuma yake sumu za aina mbili. Aina ya kwanza ni vitu vilivyounganishwa na karboni: mafuta machafu ya magari na mashine, mafuta ya PCB yaliyotiwa zamani katika transfoma za umeme, dawa za kuua wadudu kama DDT, dawa za kulinda mbao zisioze. Aina ya pili ni madini yenyewe: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu, uraniamu. Kwa macho, udongo wenye aina ya kwanza na udongo wenye aina ya pili waweza kufanana. Lakini mbele ya uyoga si kitu kimoja hata kidogo. Hilo ndilo neno kubwa la makala hii.

II. Uyoga ni kitu gani?

Wakati wa mvua mama zetu huuza uyoga kando ya barabara ya Lubumbashi na Likasi, na sisi sote twaujua katika sahani, pamoja na bukari. Lakini kile tunachokula si uyoga wote. Ni tunda lake tu, kama embe ni tunda la mwembe. Mwili wenyewe wa uyoga umefichwa chini ya udongo ao ndani ya mti uliooza. Mwili huo ni nyuzi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, zinazoenea pande zote kama utando. Mtu akiinua gogo lililooza ataziona, nyeupe, zimeshikamana na mbao.

Uyoga hauna majani mabichi ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mahindi yanavyofanya. Wala hauna mdomo wala tumbo. Unakulaje basi? Unatoa maji makali kutoka ndani ya nyuzi zake na kuyamwaga nje, juu ya chakula chake. Maji hayo yana enzimu, yaani vitu vidogo vinavyovunja chakula vipande vipande. Chakula kikiisha kuvunjwa, nyuzi hukinyonya. Twaweza kusema kwamba sisi watu tunaweka chakula ndani ya tumbo, lakini uyoga unaweka tumbo lake ndani ya chakula.

Uyoga una namna nyingi, nasi tutataja mbili. Namna ya kwanza hula mbao zilizokufa. Namna ya pili huishi kwa urafiki na mizizi ya miti mizima, na uyoga mwingi tunaookota katika pori la miombo ni wa namna hii. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi kama soksi. Mti huupa uyoga sukari, na uyoga huupa mti maji na vyakula vya udongo. Ndiyo sababu pahali miti ya miombo inapokatwa yote kwa makala, uyoga huo nao unatoweka: hauwezi kuishi bila rafiki yake.

III. Namna uyoga unavyovunja sumu

Tutazame kwanza uyoga unaokula mbao. Katika mbao mna kitu kigumu kinachoitwa lignini. Ndicho kinachoufanya mti usimame imara, kama simenti kati ya matofali. Viumbe vichache sana vyaweza kuvunja lignini. Uyoga unaoivunja vizuri kuliko wote huacha mbao nyeupe na laini kama nyuzi za pamba, na kwa hiyo wajuzi huuita uyoga wa uozo mweupe. Mmoja uliochunguzwa sana ni Phanerochaete chrysosporium. Mwingine ni Pleurotus, ambao watu wengi hulima kwa chakula.

Sasa msomaji aangalie sana jambo hili. Enzimu nyingi za viumbe ni kama ufunguo: kila ufunguo hufungua kufuli moja tu. Lakini lignini haina umbo moja. Imeunganishwa ovyo ovyo, huku hivi na kule vile, kama kichaka cha miiba. Hakuna ufunguo wa kuifungua. Kwa hiyo uyoga wa uozo mweupe hautumii ufunguo, unatumia nyundo. Unatengeneza maji ya oksijeni, yale yale yanayouzwa katika farmasi kwa kusafisha vidonda, na enzimu zake huchukua nguvu ya maji hayo na kupiga nayo kila kiungo kilicho karibu. Wajuzi wa Marekani waligundua enzimu hiyo ya lignini mwaka 1983.

Nyundo haichagui. Ikiwa kando ya lignini pamewekwa sumu iliyoungwa kwa karboni namna inayofanana na lignini, itapigwa vilevile. Mwaka 1985 John Bumpus, Steven Aust na wenzao walijaribu jambo hilo. Walitia katika chakula cha Phanerochaete sumu mbalimbali zinazojulikana kwa ukaidi wao: DDT, lindani, PCB, dioksini, na benzopireni iliyomo katika lami na moshi. Waliona kwamba uyoga ulizivunja, na sehemu ya karboni yake ikatoka kama hewa ile tunayoitoa puani tunapopumua. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kitu kilichokuwa sumu hakikufichwa tu. Sehemu yake ilivunjwa kabisa, haikuwa sumu tena.

Lakini uyoga hauishi kwa sumu. Sumu si chakula chake. Chakula chake ni mbao, majani makavu, maganda ya mahindi, mabua. Sumu inavunjwa kwa bahati ya kuwa njiani, kama vile mtu anayefyeka njia ya kwenda shambani mwake anakata pia miiba ambayo hakuitafuta. Kwa hiyo anayetaka uyoga uvunje sumu lazima aupe chakula kingi, maji na hewa. Asipoupa, utakufa, na sumu itabaki.

IV. Yaliyojaribiwa nje ya chupa

Jambo linalofaulu katika chupa ya mjuzi si lazima lifaulu katika uwanja. Mwaka 1990 Richard Lamar na Diane Dietrich walitangaza matokeo ya jaribio lao huko Wisconsin, Marekani, juu ya udongo wenye pentaklorofenoli, dawa kali ya kulinda mbao. Kila kilo ya udongo ilikuwa na miligramu 250 hata 400 za dawa hiyo. Walitia uyoga wa Phanerochaete. Baada ya majuma sita na nusu, sumu ilikuwa imepungua kwa sehemu 88 hata 91 katika mia.

Matokeo hayo ni mazuri, lakini wenyewe walisema wazi kwamba si yote yaliyopungua yalikuwa yamevunjwa kabisa. Sehemu ndogo iligeuka kuwa kitu kingine, na nyingine ilishikamana na udongo hata isiweze kutolewa tena. Kwa hiyo mtu akisema «sumu imepungua», yafaa tumwulize: «Imekwenda wapi?» Aliyepima kitu kimoja tu hawezi kujua kama kimegeuka kuwa kingine.

Kuna shida nyingine pia. Katika udongo mna viumbe vidogo vingi vinavyoshindana na uyoga mgeni, na mara nyingi vinaushinda. Chakula cha mbao ao mabua lazima kipatikane kwa wingi. Na katika Katanga yetu kiangazi ni kirefu: uyoga hufanya kazi penye unyevu, na bila mtu wa kunyunyiza maji kazi yake husimama kwa miezi mingi. Hizi ndizo sababu dawa hii, ingawa inajulikana tangu zaidi ya miaka 30, haijaenea duniani kama watu walivyotumaini.

V. Kisichovunjika

Sasa tunafika penye nusu ya pili, nayo ndiyo iliyo kubwa kwa Likasi. Je, uyoga waweza kula shaba? Waweza kumaliza kobalti?

Hapana. Wala hakuna kiumbe chochote kiwezacho. DDT ni kama nyumba ya matofali: waweza kuibomoa, na matofali yakitawanyika si nyumba tena. Lakini shaba si nyumba, ni tofali lenyewe. Uyoga una nyundo ya kubomoa nyumba, hauna nyundo ya kuvunja tofali. Shaba ikiingia ndani ya uyoga inabaki shaba. Ikitoka inabaki shaba. Uyoga ukioza, shaba inarudi katika udongo ilipotoka. Vivyo hivyo kobalti, risasi, zinki na kadmiamu. Uraniamu nayo hugeuka yenyewe polepole mno kwa miali yake, lakini hakuna uyoga unaoharakisha jambo hilo hata kwa siku moja.

Basi tuone hatari yake. Mtu aliyesikia kwamba uyoga unakula sumu aweza kupanda uyoga katika udongo wa kiwanda cha shaba, akaona umeota vizuri, akasema: «Udongo umepona.» Kisha atalima mboga pale. Ao, vibaya zaidi, atauchuma uyoga wenyewe na kuwalisha watoto. Lakini uyoga una tabia ya kunyonya madini kutoka katika udongo na kuyaweka katika tunda lake, na namna nyingine hufanya hivyo kwa nguvu sana. Uyoga ulioota juu ya mabaki ya kiwanda ni kama sifongo iliyofuta meza chafu: huenda meza imekuwa safi kidogo, lakini nani atakayeinyonya sifongo?

Na hatari ya madini katika inchi yetu si ya kudhaniwa. Mwaka 2009 wajuzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, akiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu, walitangaza uchunguzi wa mkojo wa watu 351 katika Katanga. Walikuta kobalti nyingi kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto waliwapita wakubwa. Uchunguzi mwingine uliotangazwa 2014 ulitafuta njia ya kobalti hiyo. Ulionyesha kwamba katika pahali palipoharibika wakubwa huipata hasa kwa mboga za majani zilizolimwa pale, na watoto huipata hasa kwa mavumbi wanayoyameza wakicheza. Msomaji ayashike maneno hayo mawili: mboga na mavumbi. Dawa ya kweli lazima ifunge njia hizo mbili.

VI. Uyoga unaofunga

Je, tuseme basi kwamba uyoga haufai kitu mbele ya madini? Tukisema hivyo tutakosa tena. Hauwezi kuyavunja, lakini mara nyingine waweza kuyafunga. Na kati ya mwizi anayetembea na mwizi aliyefungwa kuna tofauti kubwa, ingawa wote wawili ni wezi.

Uyoga mwingi hutoa asidi moja inayoitwa asidi ya oksaliki. Asidi hiyo ikikutana na shaba huungana nayo na kuwa chembe ngumu zisizoyeyuka upesi katika maji. Kwa njia hiyo uyoga fulani wa mbao huishi juu ya mbao zilizotiwa dawa ya shaba, dawa iliyotiwa ili uyoga usiote! Mwaka 2008 Marina Fomina, Geoffrey Gadd na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walionyesha jambo la namna hiyo juu ya uraniamu. Nyuzi za uyoga ziliota juu ya chuma cha uraniamu, nazo zikavikwa chembe ngumu za uraniamu na fosfati. Uraniamu haikupotea, wala miali yake haikupungua. Lakini kilichokuwa kikiyeyuka kimekuwa jiwe, na jiwe haliendi upesi kisimani.

Uyoga ule wa pili, rafiki wa mizizi, nao una kazi yake. Katika Limburg ya Ubelgiji, karibu na viwanda vya zinki, misonobari michanga inaishi katika udongo wenye zinki nyingi. Jan Colpaert na wenzake walichunguza sababu. Walikuta kwamba uyoga wa pale, Suillus luteus, umezoea zinki kizazi baada ya kizazi, nao huilinda mizizi ya mti ili zinki isiingie kwa wingi. Mti usingeweza peke yake. Hili latufundisha kwamba anayetaka kupanda miti juu ya udongo ulioharibika asitazame mche tu. Atazame pia nyuzi zinazokuja na mche katika udongo wake.

VII. Dawa iliyo karibu: chokaa, mbolea na majani

Sasa turudi Kakontwe, penye jiwe la chokaa. Shaba huwa mbaya zaidi katika udongo wenye asidi, kwa maana hapo inayeyuka katika maji na kuingia mizizini. Chokaa huzima asidi, na shaba nyingi hushikamana na udongo. Kwa hiyo Katanga yenye sumu ya shaba ni Katanga yenye dawa ya kuituliza pia, nayo haitoki mbali.

Jambo hili limejaribiwa katika inchi yetu. Mwaka 2010 Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walitangaza jaribio la miaka miwili. Walitia shaba katika vipande vya shamba, miligramu 2.500 kwa kila kilo ya udongo. Kisha vingine wakaviacha hivi, vingine wakavitia chokaa, vingine mbolea ya takataka zilizooza. Wakapanda majani ya namna tatu ya kwetu. Jani moja, Rendlia altera, lilivumilia hata pasipo dawa yoyote. Jingine, Cynodon dactylon, lilihitaji chokaa ili liishi. Na chokaa, kuliko mbolea, ilipunguza shaba iliyoingia katika majani.

Tuhesabu kidogo ili kila mtu aelewe. Kwa metre moja ya mraba walitia gramu 200 za chokaa, ao kilo 4,5 za mbolea. Uwanja wa metre 10 kwa 10 ungetaka basi kilo 20 za chokaa ao kilo 450 za mbolea. Kwa ektari moja ingekuwa tani 2 za chokaa, ao tani 45 za mbolea. Parokia yaweza kutunza uwanja wa shule. Haiwezi kuponya bonde zima lililojazwa mabaki ya viwanda: kazi hiyo ni ya wale wenye viwanda na ya serikali, na yafaa tuwaambie hivyo bila woga na bila matusi.

Lakini majani hayo yanafaa nini, ikiwa shaba inabaki chini yao? Yanafaa sana. Udongo uliovikwa majani hautoi mavumbi, na watoto hawamezi mavumbi. Maji ya mvua hayauchukui udongo mpaka mtoni. Majani hayo si ya kula, wala si ya kulisha mbuzi. Ni kifuniko. Chini ya kifuniko hicho, pole pole, nyuzi za uyoga hurudi, huoza majani makavu na kujenga udongo upya. Hapo uyoga unafanya kazi yake ya kweli katika inchi ya shaba.

Tahadhari moja: chokaa ya moto iliyotoka tanuruni huunguza ngozi na macho. Asiitawanye mtu kwa mikono mitupu, wala siku ya upepo, wala karibu na watoto. Jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa ni salama zaidi, ingawa kazi yake ni ya polepole. Na chokaa ikipita kipimo huharibu udongo kwa namna nyingine. Aliye karibu na Lubumbashi awaulize kwanza wajuzi wa kilimo wa Chuo Kikuu.

VIII. Majibu kwa wanaouliza

Waseminari na makatekista watapenda kuwa na majibu mafupi. Haya hapa.

Mtu akiuliza: «Nyuma ya karakana ya misioni udongo umelowa mafuta ya mashine. Uyoga utasaidia?» Mjibuni: Waweza kusaidia. Kusanyeni udongo huo pahali pamoja, juu ya kitu kisichopitisha maji, mbali na kisima. Uchanganyeni na mabua na mbao zilizooza zenye nyuzi nyeupe, ufunikeni usikauke, ugeuzeni mara kwa mara upate hewa, nanyi mngoje miezi mingi. Lakini mafuta yaliyotumika katika mashine yana pia madini kidogo ndani yake, na hayo yatabaki. Kwa hiyo msipande mboga katika udongo huo, hata harufu ya mafuta ikiisha. Na uyoga ukiota juu yake, msiule.

Mtu akiuliza: «Nataka kulima juu ya mabaki ya kiwanda cha shaba. Nipande uyoga kwanza?» Mjibuni: Hapana. Uyoga hautaondoa shaba wala kobalti. Tafuta pahali pengine kwa mboga. Ikiwa hapana pengine, usilime mboga za majani, lengalenga na matembele, kabla udongo haujapimwa. Na pahali watoto wanapocheza pafunikwe kwa majani ya kudumu.

Mtu akiuliza: «Twaweza kuokota uyoga wapi?» Mjibuni: Katika pori, mbali na viwanda, mbali na mabaki yao, mbali na mito inayopokea maji yao, na mbali na barabara kubwa. Uyoga uleule ulio chakula kizuri katika miombo waweza kuwa chakula kibaya karibu na kiwanda. Si uyoga uliogeuka, ni udongo.

Na ikiwa mtu yeyote analeta dawa mpya ya udongo, iwe uyoga, iwe unga, iwe mashine, yafaa kumwuliza maswali matatu kabla ya kumpa fedha ao shamba: Sumu iliyopo hapa ni ya karboni ao ni madini? Ikiwa ni ya karboni, imevunjwa ao imegeuka kuwa kitu kingine? Ikiwa ni madini, yamefungwa wapi, na nani atakayelinda kifungo chao miaka kumi ijayo? Asiyeweza kujibu maswali hayo, na asiyekuwa na vipimo vya kabla na vya baadaye, bado hana dawa. Ana tumaini tu. Tumaini si kosa, lakini mtoto wa Kakontwe hali tumaini. Anakula mboga, na anacheza katika mavumbi.